Msimu wa Mkono wa Kushoto

Nilifanywa kocha kwa sababu ya urefu wangu. Mkuu wa shule alinitazama kwenye kikao cha walimu akasema, "Wewe si unafika juu ya wavu bila kuruka? Basi timu ya wavulana ni yako." Walimu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana mwalimu mgeni afanye nini. Nilikuwa nafundisha jiografia. Mpira wa wavu nilikuwa nimeucheza chuoni, tena zaidi nikiwa benchi. Kwetu ni Lundo, ziwani, ambako watoto wanacheza mpira wa miguu kwenye mchanga mpaka waitwe kula. Huku milimani Mbinga nilikuta kiwanja cha udongo mwekundu kilichochongwa ubavuni mwa kilima. Mpira ukitoka upande wa chini, mtu aliufuata mpaka mtoni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sipendi kuisimulia kwa hasira, lakini najijua, nitashindwa. Maduka ya mjini yalijaa sabuni na vitenge na redio. Malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalianza kupanda milima yetu, na chama cha ushirika, ambacho wazazi walikizoea tangu ujana wao, kikawa kinafungua mlango leo na kesho hakifungui. Tuliambiwa hayo ndiyo mageuzi. Mimi nilichokiona ni madawati yanayobaki matupu. Kila likizo ilipoisha niliita majina ya watu ambao hawakurudi, na timu niliyokabidhiwa mwanzoni mwa mwaka haikuwa timu niliyokuwa nayo wakati wa mvua za masika.

Jezi zetu tulizipata kwenye mitumba. Nilichagua fulana za njano kwa sababu ndizo zilizokuwa nyingi, nikaandika namba mgongoni kwa rangi ya mlango. Moja ilikuwa na picha ya dubu anayecheka. Hakuna aliyetaka kuivaa ile, wakaipigia kura, na kila mechi alivaa yule aliyefanya makosa mengi mechi iliyopita. Mpira wetu ulikuwa na viraka vya baiskeli, na ulipopigwa kwa nguvu ulipinda hewani kwa namna ambayo hata mpigaji hakuitarajia.

Nahodha alikuwa kijana wa kijiji cha Kitura, kidato cha tatu, mwembamba, mabega mapana, maneno machache. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa muda mrefu, ule ambao watu wakiufikia kwenye mazungumzo wanashusha sauti na kutazama pembeni. Fulana ya dubu hakuwahi kuivaa hata mara moja. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Timu nyingine zilijipanga kuzuia smashi ya mkono wa kulia, mikono yao ikaenda hewani mahali pake, na mpira wa kijana huyu ukapita pembeni yao kutoka upande ambao hawakuufikiria. Nilimwona mara ya kwanza akipiga hivyo nikasahau kupuliza filimbi.

Kila mchezaji wa wilaya ile alijua habari ya shirika. Lilikuwa shirika la umma lenye tawi kubwa Songea, na kama mashirika mengi ya zamani lilikuwa na timu yake ya mpira wa wavu. Mchezaji aliyechukuliwa alipewa kazi ya kweli, ghalani au ofisini, na nyumba ya kupanga pamoja na wenzake. Nahodha wetu wa miaka miwili kabla alichukuliwa. Alirudi likizo na viatu vya ngozi na redio ya kaseti, akapita kijijini polepole ili kila mtu amwone. Afisa michezo wa shirika alikuja kila fainali ya mkoa, amevaa suti ya michezo ya bluu yenye mstari mweupe, akakaa upande wa refa na kuchagua. Kwa hiyo nahodha wangu hakuwa akicheza ili tushinde kikombe. Alikuwa akicheza ili mtu mmoja mwenye suti ya bluu amwone.

Kabla ya masika babu yake alituma watu kumwita. Nilijua maana yake, nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule nikaenda naye, nikiwa nimebeba usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, ili nisifike mikono mitupu.

Walitupokea kwenye sengu. Sengu ni baraza la Wamatengo, na ni mlo pia. Wanaume wa ukoo mmoja hukutana kwa mzee wao jioni, kila nyumba ikaleta ugali wake na mboga yake, wakala pamoja, na wakishanawa mambo ya ukoo yanazungumzwa. Nasikia siku hizi limebaki kwa wachache. Nilimwona nahodha akila kwa mkono wa kulia, polepole, tonge likimponyoka kama la mtoto, maana mkono wa kushoto haugusi chakula cha watu. Wenzake walipomaliza, yeye bado alikuwa na njaa, na akanawa pamoja nao.

Shauri la kwanza halikuwa letu. Baba mdogo mmoja alisimama pamoja na kijana aliyetazama chini, akasema, "Huyu amerudi kutoka Songea. Duka alilokuwa akifanya kazi limeungua." Wazee wakatoa pole. Babu akasema moto ni kitu kibaya, kijana apumzike, kesho kutwa aje shambani. Shauri likaisha hapo.

Kisha ikawa zamu yetu. Babu alikuwa mtu mfupi, mwenye koti zito la zamani lililofungwa vifungo vyote. Alinigeukia akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Mwalimu, baba wa huyu hayupo. Mama yake ana wadogo wengine nyumbani. Machi inakuja, na ngolo hazijichimbi."

Ngolo ndizo zinazowalisha watu wa milima ile. Kwenye miteremko ambayo mbuzi wa kwetu Lundo asingesimama, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana, wanawake hufukia nyasi hizo kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Nyumba isiyo na mwanaume wa kulaza nyasi haina maharage mwaka huo.

Nilisema, "Babu, naomba msimu huu mmoja tu. Fainali ikifika, mtu wa shirika atakuja. Akimwona, atamchukua."

"Mpira huu anaupiga kwa mkono gani?"

Sikulitegemea swali hilo. "Wa kushoto, babu."

"Na hao wa shirika wanajua?"

"Watajua. Ndio mkono wanaoutafuta."

Hakucheka, na hakuna aliyecheka. Walizungumza kwa Kimatengo kwa muda mrefu, mimi nikiokota neno hapa na pale. Mwishoni babu alitoa uamuzi. Baba zake wadogo wangelaza nyasi za nyumba ya marehemu kwenye ngolo, juu ya kazi zao wenyewe, ili kijana acheze msimu ule. Akichukuliwa na shirika, mambo yamekwisha, atawasaidia wote akiwa kazini. Asipochukuliwa, ataacha shule, na Machi inayofuata atawalazia nyasi wote waliomlazia. Nahodha alipiga magoti akashukuru.

Njiani nilisikia akicheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Lile duka halijaungua, mwalimu. Nimepita pale juzi juzi, sukari imejaa mpaka mlangoni. Yule kafukuzwa kwa sababu ya pombe."

"Na wazee hawajui?"

"Wanajua wote. Ila kwenye sengu kijana haaibishwi, chakula kimetoka tu kuliwa hapo. Anayemleta ndiye anatafuta la kusema. Mvua, moto, daraja limekatika. Wazee wanaitikia, halafu wanapanga kadiri wanavyojua wenyewe."

Niliipenda desturi ile. Nilimwambia kwetu ziwani mtu akikosea tunamwanika juani kama usipa, kila anayepita amgeuze. Akacheka zaidi. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka nikimwona akicheka mpaka kusimama njiani.

Machi ilipofika, kutoka kiwanjani tuliweza kuona mlima wa pili, watu wakiwa wameinama katika mistari, wakilaza nyasi. Hawakuwa watu wa kwao, lakini kazi ilikuwa ileile. Nahodha alianza kuchagua upande wa kiwanja unaoupa mlima ule mgongo. Wenzake walilalamika kwamba upande huo una jua la machoni. Aliwaambia yeye jua halimsumbui. Alipiga mpira mpaka kiganja kikavimba, na jioni alipokwenda kuchota maji aliibeba ndoo kwa mkono mwingine.

Mechi ya kutafuta nafasi ya kwenda mkoani tulicheza Mbamba Bay, kwenye mchanga, mbele ya watu wangu. Tulishuka kwa lori la mahindi, tumekalia magunia, vijana wa milimani wakishikana kila kona kwa sababu hawakuwa wamezoea kuona maji mengi kiasi kile chini ya barabara. Siku ile upepo wa mwera ulivuma tangu asubuhi. Mpira wetu wenye viraka ulikwenda ulikotaka. Mtu pekee aliyeweza kuutuliza alikuwa mpangaji wetu, yule anayemwinulia mpigaji mpira, kijana wa Lundo, mtoto wa jirani zetu kabisa, aliyeujua upepo ule tangu hajaota meno. Aliuinua mpira chini chini, karibu na wavu, na nahodha akaumalizia kabla mwera haujauona. Tulishinda seti ya tatu wakati mchanga umetujaa mdomoni. Bibi mmoja aliyeuza vitumbua alinipigia vigelegele na kuniita mwanangu, na kwa muda ule nilikuwa na furaha, sitaficha.

Mpangaji aliniomba akasalimie nyumbani, angerudi kesho yake. Nilimruhusu, mwalimu gani angekataza. Hakurudi. Wafanyabiashara walikuwa wameanza kuja ufukweni na malori kununua usipa, na waliajiri kila mwenye mikono. Nilimfuata mwenyewe wiki iliyofuata, nikamkuta anapakia magunia, amevaa ile fulana yetu ya njano. Baba yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema, "Mwanangu, wewe ulisoma wakati serikali inasomesha. Huyu asome kwa nini, ili aje kuwa nani?" Nilirudi mlimani bila mpangaji, na njia nzima nilikuwa namlaani mtu ambaye hata sikumjua ni nani.

Mahali pake nilimweka mtoto wa kidato cha pili mwenye vidole vinavyotetemeka. Mpigaji bila mpangaji ni mpishi bila moto. Nahodha hakulalamika. Alikaa na mtoto yule kiwanjani siku baada ya siku, akimwambia inua tu, popote, nitaufuata. Na kweli aliufuata. Alijifunza kupiga mipira mibovu, ya nyuma, ya chini, iliyopinda. Nilipomwambia apumzike aliniuliza, "Mwalimu, yule wa suti ya bluu hukaa upande gani?" Nilimwambia upande wa refa. Kuanzia siku hiyo aliweka gogo upande huo na kupiga akilitazama.

Fainali ilikuwa Songea, mwezi wa sita, baridi ya kuuma masikio. Nilipoingia uwanjani jambo la kwanza nililolitafuta ni suti ya bluu, na nikaiona. Alikuwa amekaa palepale, upande wa refa, mikono mifukoni. Nahodha naye alimwona. Alinitazama tu, na mimi nikamwitikia kwa kichwa.

Sijaona kijana wa sekondari akicheza vile tena. Wakati ule hupati pointi mpaka wewe ndiye uliyeanzisha mpira, hivyo seti ilivutana mpaka watu wakasahau kukaa. Mtoto wetu wa kidato cha pili aliinua mipira ya aibu, na nahodha akaigeuza kuwa pointi, moja baada ya nyingine, kwa mkono ule wa kushoto, mpaka wazuiaji wa upande wa pili wakaanza kugombana wao kwa wao. Tulishinda. Walimbeba juu juu wakizunguka uwanja, naye akiwa huko juu shingo yake ilikuwa imegeukia upande wa refa.

Nilikwenda kwa afisa michezo na kumpa mkono. Alinipongeza kwa moyo wote. Nilisubiri aulize jina la kijana, hakuuliza. Ikabidi niseme mwenyewe, "Mzee, nahodha wangu umemwona. Mnamchukua lini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu na mgeni asiyejua kwamba kuna msiba.

"Timu haipo, mwalimu. Shirika lenyewe halipo. Mwezi uliopita tumepewa barua wote, majengo yameuzwa."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

"Kutazama mpira," alisema. "Nyumbani ningefanya nini? Hii suti ndiyo waliyoniachia."

Nahodha alikuwa amefika nyuma yangu. Akamwamkia, "Shikamoo mzee." Yule mtu akaitikia, akaushika mkono wake wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kwa muda. Akasema pole. Kisha akatuaga na kuondoka kwa miguu. Yule nahodha wetu wa zamani, mwenye redio ya kaseti, tulimwona siku hiyohiyo karibu na stendi akiuza soksi, ametandika turubai chini. Alijifanya hajatuona, nasi tukamsaidia kwa kupita haraka.

Nilikwenda Kitura na kijana na kikombe. Nilijua kwamba akienda peke yake hataeleza, na nilitaka wazee wasikie kutoka kinywani mwa mtu mzima kwamba kijana wao hakushindwa chochote. Tulikula. Tukanawa. Kikombe kilipita mkono kwa mkono, na babu alichungulia ndani yake akakirudisha.

Nikasimama nikasema, "Wazee wangu, kijana amecheza vizuri kuliko wote mkoani. Tumeshinda. Ila shirika limefungwa. Wafanyakazi wote wamerudishwa majumbani. Hakuna timu tena."

Wazee wakatoa pole. "Kufungwa ni kitu kibaya," babu akasema.

Pale ndipo nilipoelewa ninasimama wapi. Nikasema, "Babu, hii ni kweli tupu. Nimeongea na afisa mwenyewe. Majengo yameuzwa."

"Tumekusikia, mwalimu."

"Naapa mbele ya Mungu, shirika halipo! Mkitaka mtumeni mtu Songea akaangalie."

Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo walivyozidi kunitazama kwa upole. Baba mdogo mmoja aliinamia mwenzake akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Mwalimu huyu ana adabu. Utafikiri amezaliwa hapa." Wakaitikia wote. Walinipa jogoo na debe la maharage, maharage ya ngolo zilezile, na babu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Sijawahi kushukuriwa vizuri hivyo maishani, na sijawahi kuchukia shukrani kiasi hicho.

Kijana alinisindikiza mpaka njia panda. Alibeba debe, mimi jogoo. Tulipofika akalitua chini, akasema, "Mwalimu, wameona duka limeungua."

"Nitarudi. Nitamleta yule afisa mwenyewe aje aseme."

"Watampa jogoo," alisema.

Alinivulia fulana ya njano palepale, akaikunja vizuri, akanipa, akabaki na shati lake la shule. Nilimwambia akae nayo. Alisema hapana, timu itaihitaji. Shule hakurudi tena. Machi iliyofuata nilipita Kitura nikamwona kwenye mteremko na baba zake wadogo, akilaza nyasi. Kundi lote lilifyeka kwa kulia na kusogea pamoja, na yeye ambaye mkono wake ulikwenda kinyume na wa wenzake aliwekwa mwisho kabisa wa mstari, peke yake, ili asimkate mtu. Nilimwita. Alininyoshea mkono juu, akaendelea.

Wiki ileile, jioni, nilikuwa kiwanjani nafunga wavu. Kijana mrefu nisiyemjua alisimama kando akisubiri nimalize, amebeba mfuko wa maharage. Akaniamkia, akasema ametoka Kitura, ni mtoto wa baba mdogo wa nahodha wa mwaka jana, ameanza kidato cha kwanza shuleni kwetu. Ukoo umekubali kumlazia nyasi.

"Wamekubali kwa ajili ya nini?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Mpira, mwalimu. Ili nichukuliwe na shirika." Alinipa mfuko kwa heshima, kwa mikono miwili, kisha akakumbuka kitu, akaunyosha mmoja mbele yangu niuone. "Babu amesema nikuambie, mimi natumia wa kulia."